Ruta ya 4G inashika vizuri sebuleni, vyumba vya nyuma inashindwa: kosa liko wapi? (Mtwara)

Mkazi wa Chuno

Ndugu wanajamvi, nawasalimu nyote. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Chuno hapa Mtwara mjini. Wiki tatu zilizopita nilinunua ruta ya 4G inayotumia laini ya simu, kwa sababu binti yangu anasoma stashahada kwa njia ya mtandao na vipindi vyake huanza saa moja jioni hadi saa tatu usiku. Nilikuwa nimechoka kumwachia simu yangu kila jioni ili aunganishe kompyuta yake.

Kijana aliyeniuzia alifika nyumbani, akaichomeka kwenye soketi iliyo nyuma ya runinga, akasubiri taa ziwake, akanionyesha jina la waifai na neno la siri vilivyobandikwa chini ya ruta, kisha akaaga. Pale sebuleni hakuna shida kubwa. Lakini ukivuka korido ukaingia chumba cha binti, ambacho ni cha tatu kwa nyuma, simu inaonyesha mstari mmoja tu wa waifai, na kompyuta inashika na kuachia. Kipindi kikiendelea sura ya mkufunzi inaganda, sauti inakatika vipande vipande, na juzi binti alikosa maelekezo ya zoezi ambalo alama zake zinaingia kwenye matokeo ya mwisho wa muhula. Alitoka chumbani analia, nami sikuwa na la kumwambia.

Nyumba ni ya tofali za saruji, ina vyumba vinne na paa la bati. Mnara wa mtandao ninaoutumia nauona kwa macho nikisimama kwenye dirisha la jikoni, upande wa nyuma.

Kuna mambo mengine mawili. Bando nililotarajia litufikishe mwisho wa mwezi liliisha siku ya 11. Pia umeme ukikatika, hata kwa dakika tano, ruta inazimika na binti anatolewa kwenye kipindi. Nimeshauriwa ninunue ruta kubwa zaidi yenye antena nne. Kabla sijatoa fedha nyingine, naomba mnieleze tatizo hasa ni nini.

Fundi wa Mikindani

Shikamoo mwalimu. Nakuomba usinunue ruta nyingine kwa sasa, kwa sababu kwa maelezo yako nina mashaka zaidi na mahali ilipowekwa kuliko na ruta yenyewe.

Mtandao wa nyumbani kwako unapita njia mbili tofauti, na watu wengi huzichanganya. Njia ya kwanza ni kutoka mnarani hadi kwenye ruta, na hiyo ni kazi ya laini ya simu. Njia ya pili ni kutoka kwenye ruta hadi kwenye kompyuta ya binti, na hiyo ndiyo waifai. Mistari ya waifai unayoiona kwenye simu inakueleza njia ya pili peke yake, kwa hiyo inaweza kujaa yote huku njia ya mnara ikiwa mbovu kabisa, au kinyume chake. Ukitibu njia isiyoumwa, fedha imepotea.

Fanya hivi. Simama hatua mbili kutoka kwenye ruta, pima kasi kwa simu ukitumia programu ya kupima kasi ya mtandao, andika. Ingia chumba cha binti, pima tena, andika. Rudia vipimo hivyo hivyo saa kumi na moja alfajiri na saa mbili usiku. Ikiwa karibu na ruta kasi ni nzuri na chumbani ni mbaya, anayeumwa ni waifai. Ikiwa hata karibu na ruta kasi ni mbaya, anayeumwa ni njia ya mnara. Na ikiwa alfajiri ni nzuri lakini usiku inashuka sana, basi mnara umeelemewa, kwa maana watu wote wanaohudumiwa na mnara ule wanagawana uwezo uleule, na saa hizo za jioni ndizo kila mtu amerudi nyumbani. Hilo la mwisho huwezi kulimaliza kwa kununua kifaa, ingawa unaweza kulipunguza.

Halafu fungua kivinjari kwenye kompyuta iliyounganishwa na ruta, andika anwani iliyobandikwa chini ya ruta, mara nyingi ni 192.168.1.1, 192.168.0.1 au 192.168.8.1, uingie kwenye ukurasa wake. Tafuta sehemu ya hali ya mtandao, utaona herufi RSRP na namba yenye alama ya kutoa mbele. Hiyo ndiyo nguvu ya mawimbi ya mnara yanayoifikia ruta. Kwa kuwa ni namba hasi, -85 ni bora kuliko -105, na wengi hapa hujikwaa. Kuanzia -80 kwenda juu ni nzuri sana, kwenye -90 bado unafanya kazi bila taabu, na ukivuka -105 kushuka chini utaanza kusumbuka. Tofauti ya namba 10 ni sawa na nguvu mara 10, na tofauti ya 20 ni mara 100, kwa hiyo usidharau kuihamisha ruta kutoka ukuta huu kwenda ukuta ule.

Nyuma ya runinga ni mahali pabaya kuliko pote sebuleni. Runinga ina bamba la chuma mgongoni, ruta inakuwa chini karibu na sakafu, na kwako wewe iko upande wa nyumba ulioupa mnara kisogo, kwa hiyo mawimbi yanalazimika kupita kuta zote za saruji kabla ya kuifikia. Ihamishie upande wa jikoni, karibu na dirisha linaloutazama mnara, juu ya rafu inayozidi kimo cha mtu. Isiwe juu ya friji, isiwe karibu na jiko kwa sababu ya joto na mvuke wa mafuta, na isiwe karibu na maikrowevu, kwani maikrowevu inatumia masafa ya gigahezi 2.4 yaleyale ya waifai. Kama dirisha lina nondo nene au mwembe umelifunika, jaribu dirisha la pili. Kila ukihamisha subiri dakika mbili, kisha soma tena RSRP. Usikisie kwa macho.

Tukija kwenye waifai, ruta yako huenda ina masafa mawili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Ya 5 ina kasi zaidi lakini inachoka haraka ikikutana na ukuta, ya 2.4 inapenya zaidi lakini ndiyo ambayo majirani wote wanaitumia. Kwa chumba cha tatu muunganishe binti kwenye 2.4, na kwenye mipangilio chagua chaneli, yaani njia ndogo ndani ya masafa hayo, 1, 6 au 11, kwa sababu hizo tatu haziingiliani. Chaneli 3 au 8 itagombana na majirani wa pande zote mbili.

Kwetu Mikindani nimefanya kazi kwenye nyumba za kale za mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta wake unene wa mkono kutoka vidoleni hadi kiwikoni. Mle waifai haitoki chumba kimoja kwenda kingine, hata uweke antena nane. Siku hizi sijisumbui tena: navuta waya. Tofali za saruji ni nafuu zaidi, kwa hiyo una matumaini.

Msafiri wa Masasi

Naongezea kwa ufupi. Kuna vifaa vidogo vya kurudia mawimbi ya waifai, unavichomeka kwenye soketi ya korido na vinasukuma waifai mbele. Bei yake ni ndogo kuliko ruta mpya, na kwangu kilinisaidia.

Fundi wa Mikindani

Ndugu yangu, kinasaidia, lakini mwalimu ajue gharama yake. Vifaa vingi vya aina hiyo vinapokea na kutuma kwa chaneli ileile, kwa hiyo kila kifurushi cha data kinasafiri hewani mara mbili na kasi inapungua kwa karibu nusu. Kwa kusoma ujumbe na habari hutaona tofauti. Kwa kipindi cha moja kwa moja chenye picha na sauti, utaiona. Na mtu akikiweka ndani ya chumba ambako waifai tayari ni dhaifu, kinarudia udhaifu uleule. Kikae katikati ya njia, pale ambapo mawimbi bado yana nguvu.

Mama wa Mtanda

Mwalimu, pole kwa usumbufu, na mpe binti pole pia. Mimi niko Lindi, nina duka la kuchapa na kutoa nakala, na mtandao ndio riziki yangu. Sitarudia aliyosema fundi. Nitazungumzia bando, kwa sababu lako kuisha siku ya 11 kunanikumbusha yaliyonipata mwenyewe.

Nilikuwa naongeza bando kila wiki huku nikidhani wafanyakazi wangu wanaangalia filamu. Siku moja nikaingia kwenye ukurasa wa ruta, sehemu inayoorodhesha vifaa vilivyounganishwa, nikakuta vifaa 11. Dukani tulikuwa na vinne. Neno la siri lilikuwa lilelile lililobandikwa chini ya ruta, na ruta ilikuwa kaunta, kibandiko kinamtazama mteja. Mtu mmoja alikipiga picha, akampa mwenzake, na mwenzake akampa mwenzake. Nililia siku ile, kwa kuwa niliwagombeza wasichana wangu bila haki, na ilibidi niwaombe radhi.

Kwa hiyo leo hii fanya mambo matatu. Kwanza, badilisha neno la siri la waifai, liwe refu, herufi 12 au zaidi, na kwenye aina ya ulinzi chagua WPA2 au WPA3 kama ipo. Pili, badilisha neno la siri la kuingilia ukurasa wa ruta wenyewe, maana hilo ni jingine kabisa, na ruta nyingi hutoka kiwandani likiwa ni neno «admin» ambalo kila mtu analijua. Tatu, zima kitu kinachoandikwa WPS, ambacho ni njia ya mkato ya kuunganisha kifaa bila kuandika neno la siri la waifai. Kile kina namba ya siri ya tarakimu nane, ambayo ungedhani ina mamilioni ya uwezekano, lakini mwaka 2011 ilibainika kwamba ruta inaihakiki nusu kwa nusu, na tarakimu ya mwisho ni ya kuhakiki tu, kwa hiyo majaribio 11,000 yanatosha kuipata. Programu ya kompyuta inamaliza kazi hiyo kwa saa chache.

Kama hutakuta mgeni yeyote kwenye orodha, basi mlaji yuko ndani ya nyumba, na mara nyingi hana kosa. Simu inapoona waifai hudhani mtandao ni wa bure, ikaanza kupandisha picha zote kwenye hifadhi ya mtandaoni na kusasisha programu zote. Kompyuta ya Windows nayo inashusha masasisho yake kimyakimya. Nenda kwenye mipangilio ya waifai ya kompyuta hiyo uiambie kwamba muunganisho huu unapimwa (kwa Kiingereza «metered connection»), nayo itajizuia. Filamu ya ubora wa HD inaweza kula hadi gigabaiti 3 kwa saa, wakati ubora wa kawaida hauzidi sana gigabaiti 1. Kipindi cha binti nacho kinaweza kufika gigabaiti 1 kwa saa. Kwa saa mbili, siku 20 za mwezi, hiyo ni gigabaiti 40 kabla hujafungua runinga. Piga hesabu hiyo kwanza ndipo uchague bando.

Jambo jingine ambalo hukuliuliza, lakini linaniuma nikiona mtu anauziwa ruta ikiwa na laini ndani. Hakikisha laini hiyo imesajiliwa kwa alama zako za vidole na kitambulisho chako cha taifa, si cha muuzaji. Piga *106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa jina lako. Ikiwa ya ruta haimo, mwenye nayo ni mtu mwingine, na akiifunga au ikiharibika, huna pa kudai.

Mwisho, kabla hujabonyeza kile kitundu cha kurudisha mipangilio ya kiwandani, uliza kwanza majirani kama wao wanapata mtandao. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, nchi nzima ilipata shida, nami nikaifuta mipangilio yote ya ruta yangu nikidhani ndiyo mbovu. Nilimaliza siku mbili natafuta mtu wa kuniwekea upya, wakati tatizo lilikuwa chini ya bahari.

Kijana wa Shangani

Shikamoo mwalimu. Mimi nizungumzie umeme, kwa kuwa Mama wa Mtanda na fundi wamemaliza mengine.

Geuza adapta ya ruta usome maandishi yake madogo. Ruta nyingi za mezani huandikwa volti 12, ampea 1 au 2, na nyingine volti 5. Hiyo ndiyo namba utakayokwenda nayo dukani kuulizia betri ndogo ya ruta, ile inayokaa kati ya adapta na ruta, ambayo umeme ukikatika inaendelea bila ruta kujua. Volti lazima zilingane. Ampea za betri zinaweza kuwa sawa au zaidi, zisiwe pungufu.

Kuna mtego kwenye hesabu. Betri iliyoandikwa mAh 10,000 imepimwa kwa volti 3.7 za seli za ndani, si kwa volti 12 za ruta yako. Kwa hiyo ndani yake kuna wati-saa 37, na ukitoa kinachopotea kwenye kupandisha volti unabaki na takriban 30. Ruta inayotumia wati 8 itakaa chini kidogo ya saa nne. Kwa kipindi cha saa mbili inatosha, lakini usitegemee usiku kucha.

Tafadhali usikubali mtu akuunganishie ruta moja kwa moja kwenye betri ya gari au ya sola inayochajiwa. Betri ya volti 12 ikiwa kwenye chaji hupanda hadi volti 14 na zaidi, na ruta iliyotengenezwa kwa 12 inaweza kuungua. Lazima kuwe na kidhibiti katikati. Vilevile umeme ukirudi baada ya kukatika, huja wakati mwingine kwa kishindo. Kama bado huna betri hiyo, chomoa adapta umeme ukikatika, na uirudishe dakika chache baada ya umeme kurudi.

Na kama mnakaa karibu na bahari kama sisi Shangani, mtu akikushawishi kufunga antena ya nje, mwambie aifunge viungio vyake kwa utepe wa mpira usiopitisha maji. Yangu ililiwa na chumvi. Nilipofungua kiungio nilikuta unga wa kijani, na RSRP ilikuwa imeshuka kuliko kabla ya kuweka antena.

Mkazi wa Chuno

Marahaba vijana wangu, nawe Mama wa Mtanda nakushukuru sana. Nimefanya mliyoniambia, na ninaweka namba hapa ili zimsaidie mwingine.

Nyuma ya runinga RSRP ilikuwa -108. Kasi ya kupakua, nikiwa nimesimama karibu na ruta, ilikuwa Mbps (megabiti kwa sekunde) 14 alfajiri na 6 usiku. Chumbani kwa binti usiku haikufika 1.

Nilijaribu madirisha matatu. La jikoni lenyewe lilinipa -93, lakini dirisha dogo la mwisho wa korido, ambalo sikulifikiria kabisa, lilinipa -86. Fundi alisema nisikisie kwa macho, na kweli mnara hauonekani vizuri kutoka pale, kuna mkorosho wa jirani umeufunika nusu. Nadhani nondo za jikoni ndizo zilizokuwa zinazuia. Nimegongelea rafu ya mbao juu ya dirisha hilo. Sasa karibu na ruta napata 29 alfajiri na 13 usiku, na chumbani kwa binti, kwa gigahezi 2.4 chaneli 11, napata 10 usiku. Jana amekaa saa mbili zote kwenye kipindi bila kuganda hata mara moja, akaniita niingie nimsikie mkufunzi wake.

Kwenye orodha ya vifaa nilikuta saba. Vyetu ni vitano. Nimebadilisha maneno yote mawili ya siri na kuzima WPS. Laini nimeikuta imesajiliwa kwa jina la mtu nisiyemfahamu. Kesho asubuhi naenda na kitambulisho changu kuchukua laini nyingine. Betri nimeagiza, adapta yangu ni volti 12 ampea 1.

Sasa sebuleni ndiko kumekuwa dhaifu. Runinga inasitasita, na mama wa nyumba analalamika. Je, nifanyeje bila kuirudisha ruta ilikokuwa?

Fundi wa Mikindani

Hongera mwalimu. Runinga haihami, kwa hiyo haina sababu ya kutumia waifai. Vuta waya wa mtandao wa aina ya Cat5e au Cat6 kutoka kwenye tundu la ruta, upite juu ya dari hadi nyuma ya runinga. Waya huo unafanya kazi vizuri hadi mita 100, nawe hutazidi 20. Hakikisha ni wa shaba tupu, kwa kuwa kuna unaouzwa kwa bei ya chini ambao ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na huo unakatika kwenye viungio. Usiupitishe sambamba na nyaya za umeme. Zikikutana, zipishane kama msalaba.

Ukitaka na simu zipate nguvu sebuleni, tafuta ruta yoyote ya zamani inayofanya kazi, uiunganishe mwisho wa waya huo. Kabla ya kuiunganisha ingia kwenye ukurasa wake, uipe anwani tofauti na ya ruta kuu, kwa mfano ile ikiwa 192.168.1.1 hii iwe 192.168.1.2, kisha uzime kazi yake ya kugawa anwani inayoandikwa DHCP, kwa sababu wagawaji wawili ndani ya nyumba moja watakupa usumbufu usioeleweka chanzo chake. Ipe jina na neno la siri sawa na ruta kuu, lakini chaneli tofauti, kwako iwe 1 au 6. Waya uingie kwenye tundu la kawaida, la LAN, si lile la rangi tofauti lililoandikwa WAN.

Jumamosi nitakuwa Chuno kwa kazi nyingine. Ukiwa tayari na waya, nitumie ujumbe wa faragha humu, nipite nikusaidie kuupandisha darini.